Mama Dasta na Safu ya Kushoto

Mama Dasta hakulichagua jina hilo, wala hakuwahi kulikataa. Wanafunzi wa mwaka wake wa kwanza kazini ndio waliompachika. Wakamaliza shule, wakaoa, wakaolewa, wakanenepa, na mpaka leo wakikutana naye sokoni humwamkia vilevile: "Shikamoo, Mama Dasta." Naye huitikia marahaba kana kwamba hakuzaliwa na jina jingine. Kazi yake ilikuwa kufagia madarasa sita ya shule ya sekondari baada ya kengele ya mwisho, kupanga madawati, kumwaga taka na kufuta mbao kwa dasta. Mbao sita kila siku, kwa miaka ishirini na mmoja. Ukitaka kujua chaki ina ladha gani, usijisumbue kuionja, muulize yeye.

Kati ya mbao hizo sita, mmoja ulikuwa na sheria zake. Ulikuwa katika chumba cha mwisho, karibu na bomba la maji, alipofundisha mwalimu wa Kiingereza. Shule ilikuwa na walimu wengi, lakini ukisema "Mwalimu" bila kuongeza kitu, kila mtu alijua ni yule mrefu mwenye suruali za kanda za mabegani na rula ya mbao kwapani. Kila Jumatatu alipiga mstari kuanzia juu mpaka chini upande wa kushoto wa ubao, akapata safu. Juu ya safu aliandika herufi mbili au tatu tu. Chini yake yalifuata maneno ya Kiingereza yanayoanza kwa herufi hizohizo, na kila neno likitazamana na maana yake kwa Kiswahili. Wiki hii *bro*, wiki ijayo *gra*, ile nyingine *sta*. Aliamini maneno yanayoanza pamoja hukumbukana, ukimwita mmoja ndugu zake nao hugeuka. Walimu wenzake walimcheka kidogo, ila wanafunzi wake walifaulu, kwa hiyo walimcheka kwa adabu.

Chini kabisa ya safu alichora kisanduku, na ndani yake aliandika kwa herufi kubwa: USIFUTE. Maana yake Mama Dasta afute ubao wote ila safu ile, mpaka Ijumaa. Ijumaa Mwalimu mwenyewe alilifuta neno hilo moja kwa kiganja, akaacha safu ilivyo, akaenda zake. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa. Wawili hao hawakuwahi kugombana, na sababu ni rahisi: hawakuwahi kuzungumza. Salamu mlangoni, basi. Mazungumzo yao yote ya miaka ishirini na mmoja yalikuwa neno moja, kuandikwa Jumatatu na kufutwa Ijumaa.

Sasa, Mama Dasta aliacha shule darasa la tano, mama yake alipougua na nyumba ikataka mikono. Kiswahili alikisoma vizuri tu. Kiingereza kilimpita kando. Lakini Ijumaa moja, mwaka ule wa kwanza, alisimama mbele ya safu ile, dasta mkono mmoja na fagio mkono wa pili, akasoma upande wa maana: pana, iliyovunjika, ufagio. Akashtuka. Akatazama fagio lake, akatazama ubao. Kushoto mwa "ufagio" paliandikwa *broom*. Kumbe kitu alichokishika kila siku ya Mungu kilikuwa na jina jingine, na hakuna aliyemwambia! Alijisikia vibaya kidogo, mfano wa mtu aliyeishi na jirani miaka asijue jina lake. Akaokota kipande cha penseli chini ya dawati, akanakili safu nzima nyuma ya karatasi ya mtihani, ndipo akafuta.

Tangu siku hiyo hakuacha. Madaftari yaliyotupwa nusu mwisho wa muhula aliyaokota, akachana kurasa zilizotumika, zilizobaki akazijaza safu za Mwalimu. Yalifika kumi na moja. Aliyaweka kwenye begi la nailoni juu ya kabati, na jioni akijinyoosha kitandani aliyasoma akicheka peke yake. Aligundua mambo. Kwenye *gra*, mwenye shukrani na kaburi walikaa mlango kwa mlango. Kwenye *sta*, *stare* ni kukodoa macho na *starve* ni kufa njaa, na hapo hakuona ajabu, maana mwenye njaa hukodoa macho.

Kulikuwa na kasoro moja. Yeye aliingia darasani watu wakishatoka. Maneno yote yale, maelfu, aliyaona tu, hakuwahi kusikia hata moja likitamkwa. Kwa hiyo aliyasoma kama yalivyoandikwa, kwa Kiswahili safi: *bro-om*, *gra-ve*, *sta-re*. Mdogo wake, aliyeishi naye, alivunjika mbavu.

"Dada, hicho Kiingereza utaongea na nani?"

"Kwani umeniona naongea na mtu?" alijibu Mama Dasta, akageuza ukurasa. Lakini neno hilo lilimchoma, na tangu hapo madaftari hakumwonyesha mtu.

Mwalimu alikuwa amebakiza muhula mmoja astaafu. Jumatatu hiyo alipiga mstari wake, akaandika *re*, akaandika *reach*, *read*, *ready* na maana zake: fikia, soma, tayari. Akaanza la nne. Chaki ikamponyoka, akainama kuiokota, na hakuinuka mwenyewe. Alipelekwa hospitali kwa gari la mkuu wa shule. Ilikuwa kiharusi.

Saa kumi, Mama Dasta aliingia chumba cha mwisho na ndoo yake. Habari alikuwa ameipata. Alisimama mbele ya safu fupi, maneno matatu na mkwaruzo wa chaki. Kisanduku hakikuwapo. Kwa sheria za ubao ule, kisipokuwapo kisanduku, unafuta. Alinyanyua dasta, akaishusha. Akaokota chaki kutoka sakafuni, akatazama mlangoni kama mwizi, kisha kwa mwandiko wake wa darasa la tano akachora kisanduku na kuandika USIFUTE. Alikuwa hajawahi kuandika kwenye ubao wa shule hiyo. Siku mbili baadaye mwalimu wa muda alifuta yote bila hata kuuliza, lakini maneno yale matatu yalikuwa tayari kwenye daftari la kumi na moja.

Mwalimu alirudishwa nyumbani baada ya wiki tatu. Mguu ulikuwa unapata nguvu polepole, mkono wa kulia ulilegea, na maneno yalikuwa yamekwisha. Si kwamba hakuelewa. Alielewa kila kitu, na hilo ndilo lililouma. Mdomo ulijikunja kutafuta neno, ukakosa, ukafunga.

Walimu walikwenda kumtazama, na Mama Dasta akafuatana nao, akasimama karibu na mlango. Mungu awasamehe watu wa kutembelea wagonjwa. Walimpigia kelele kana kwamba kiharusi kimempiga masikioni. "MWALIMU! UNAENDELEAJE?" Mgonjwa alifumba macho. Mkewe, mama wa makamo aliyeshona nguo za watu mlemle sebuleni, aliwaeleza alivyoambiwa na mtaalamu wa usemi wa hospitali.

"Amesema nimpe mwanzo wa neno. Mwanzo tu, nisimmalizie, amalize mwenyewe. Na amesema miezi hii ya kwanza ndiyo ya kazi. Ikipita hivihivi, basi tena." Alijipangusa uso kwa kipande cha kanga. "Nimejaribu wiki mbili. Namwonyesha kikombe, namwambia ki, ki... Analia. Nimeacha. Siwezi kumliza mtu mzima kwa sababu ya kikombe."

Walimu walisema wataendelea kumwombea. Mama Dasta hakusikia zaidi ya maneno matatu: mwanzo wa neno. Katika dunia hii nzima, nani aliyeishi na mianzo ya maneno kuliko mtu huyu aliyelala pale?

Siku tatu alizunguka na jambo hilo. Aibu ilimkaba. Mdogo wake alimuuliza swali lilelile alilokuwa akijiuliza: "Utawaambia nini? Kwamba mfagiaji ndiye atakayemfundisha Mwalimu kusema?" Siku ya nne alipiga moyo konde, akashusha begi la nailoni, akaenda mchana kabla ya zamu.

Mke wa Mwalimu alifungua daftari la kwanza, la pili, la tano. Alifunua kurasa kwa vidole vya mtu aliyezoea kukagua vitambaa.

"Haya ni maneno ya nani?"

"Ya Mwalimu, mama. Nilikuwa nanakili kabla sijafuta."

"Yote?"

"Yote."

Mama yule alifunga daftari la tano, akalirudia la kwanza, na Mama Dasta akatamani sakafu immeze. "Miaka ishirini na mmoja," alisema mwishowe, "unakusanya maneno ya mume wangu, na mimi mkewe sijui hata moja." Kisha akacheka, kicheko kidogo cha uchovu. "Afadhali maneno, dada. Wanawake wengine hukusanya mashati ya waume za watu."

Walikunywa chai. Mke wa Mwalimu alisema wazi anachotaka, asije mtu akadhani anataka makubwa. Miaka thelathini na mitatu iliyopita kijana mrefu alimletea suruali aipunguze, akamwambia, "Fundi, usiikate sana." Tangu siku hiyo hakumwita jina jingine. Wateja walimwita mama, majirani walimwita Bi Mwalimu; yeye peke yake ndiye aliyemwita Fundi. Walipogombana, Fundi. Alipofiwa na baba yake, "pole Fundi". Asubuhi kabla hajafungua macho, "Fundi, saa ngapi?"

"Kiingereza mimi sikihitaji," alisema. "Nataka aniite, niitike. Mara moja tu. Nyumba imenyamaza, dada. Nakanyaga cherehani hata kama sina nguo ya kushona, nisikie sauti."

Ubao haukuwapo, lakini kulikuwa na kitambaa cheusi cha bitana, kile cha kuweka ndani ya makoti. Walikipigilia ukutani mbele ya kiti cha Mwalimu. Chaki ilikuwa ile bapa ya kuchorea nguo. Mama Dasta alipiga mstari kushoto, akaandika *bro* juu, akashuka na safu. Mwalimu alimtazama. Alitazama mstari, akatazama herufi, na macho yake yakafunguka kwa namna ambayo mkewe alikuwa hajaiona tangu hospitali.

"*Bro-om*," alisoma Mama Dasta kwa sauti, akiwa amesimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. "Ufagio."

Mwalimu alikunja uso. Akatikisa kichwa. Kisha upande mmoja wa mdomo wake ulipanda juu, mabega yakatikisika, ikatoka sauti. Mkewe aliacha cherehani, akaja mbio na pini bado mdomoni. Mwalimu alikuwa anacheka.

Ndivyo walivyoanza, na laiti ningeweza kusema mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Alikuja kila mchana, Jumapili tu ndiyo hakuja. Aliandika neno, akalifunika mwisho kwa kiganja, akaacha mwanzo wazi, akangoja. Mwalimu alikusanya midomo, shingo ikamsimama mishipa, na neno halikuja. *Gra* ilipita, *sta* ikapita. Kicheko kilirudi mara mbili tatu, lakini kicheko si neno. Na kila saa ya kwenda kazini ilipofika, Mama Dasta alipangusa kitambaa kwa kiganja mpaka kikawa cheusi tena, kwa sababu ubao mchafu ulimkera popote ulipo. Mwalimu alimtazama akifuta, akageukia dirisha.

Wiki ya sita mtaalamu wa usemi alipiga simu. Wiki inayofuata angempima, na kama hakuna mabadiliko, nafasi yake kliniki angepewa mgonjwa mwingine. Alisema kwa upole, lakini alisema. Mke wa Mwalimu aliweka simu mezani, akarudi kwenye mashine akashona mshono uleule mara mbili. Mama Dasta aliogopa. Aliogopa zaidi kwa kuwa alikuwa amempa mtu matumaini, na matumaini hayo yalikuwa ya kwake pia.

Kesho yake mchana aliandika safu ambayo hakuwahi kuithubutu. *Re*. *Reach*, fikia. *Read*, soma. *Ready*, tayari. Pa nne akapaacha wazi, kama palivyobaki siku ile.

Mwalimu aliijua. Aliikazia macho nusu saa nzima, mkono wa kushoto ukishika kiti. Mama Dasta alingoja. Mashine dirishani ilinguruma, ikatulia, ikanguruma. Hakuna kitu. Saa ya kazi ikafika. Alivuta pumzi, akainuka, na kwa mazoea ya miaka ishirini na mmoja akanyoosha kiganja aanze kufuta kutoka kushoto.

"U..."

Alidhani ni kiti kimelia.

"Usi..." Mwalimu alikuwa ameinuka nusu, uso umemvimba kwa kazi. "Usi-fute."

Mashine ilinyamaza.

Mke wa Mwalimu alikuwa amesimama dirishani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Furaha ilimjia usoni, na nyuma yake kikaja kitu kingine, wala hakukificha. "Amesema," alisema polepole. "Amesema na wewe."

Mama Dasta alijisikia kama aliyefungua barua isiyo yake. Neno lile lilikuwa lake kweli, la kwake yeye tu tangu zamani, na katika chumba kile lilikuwa la mtu asiyestahili. Alitaka kuomba radhi. Lakini Mwalimu hakuwa amemaliza. Mkono wa kushoto ulianza kugonga kiti, taratibu, kama rula kwenye ubao.

"Fu," alisema. "Fu. Fu."

Herufi mbili. Mama Dasta aliona kabla hajaelewa. Aligeuka, akapiga mstari mpya kwenye kitambaa, akaandika juu yake: *fu*.

"Fua," alisema Mwalimu.

Akaandika. Akangoja, kwa sababu kwa Mwalimu hakuna neno bila maana yake.

"Nguo."

Akaandika nguo.

"Fuata." Pumzi. "Nyuma."

"Fuga." Hapo alikwama, akatoa macho, na mama wawili wale wakakaza meno pamoja naye. "Kuku!"

"Fuma." Maana haikuja. Aligonga kiti kwa hasira, akarudi juu ya safu kama alivyowarudisha wanafunzi wake miaka yote. "Fua. Fuata. Fuga. Fuma." Akasimama. "Fu... Fu..."

Mkewe alikuwa ameshasogea hadi nyuma ya kiti. Alijua neno linalofuata. Alilijua kuliko mtu yeyote aliye hai, lilikuwa mdomoni mwake, na aliambiwa asimmalizie. Aliuma futi ya kupimia.

"Fundi," alisema Mwalimu.

Mama Dasta aliandika. Herufi tano. Akachora kistari cha maana, akabaki ameelekea ukutani na chaki juu, akingoja.

Mwalimu alitafuta. Paji la uso lilimkunjamana, midomo ikajaribu hiki ikaacha, ikajaribu kile ikaacha. Maana haikupatikana. Basi akageuza shingo, kwa shida, mpaka akamwona aliyesimama nyuma yake. Akanyanyua mkono wa kushoto, akaonyesha kwa kidole.

"Huyu," alisema. "Fundi."

"Abee," aliitika mkewe.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mmoja, Mama Dasta alichelewa kazini. Kitambaa alikiacha hivyohivyo ukutani, safu ya *re* pembeni na safu ya *fu* katikati, na mbele ya kistari cha mwisho hakuandika kitu.